Mwarobaini wa Kyerwa si ule wa Tanga

Ukitoka Kyaka kupanda Karagwe, baridi inakuingia dirishani kabla hujafika Omurushaka. Mimi mtoto wa Tanga nilikuwa na fulana tu. Nilishuka hapo, nikala ndizi na maharage, kisha nikachukua bodaboda kuelekea Nkwenda, wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Njia nzima ni migomba na mibuni.

Mwenyeji wangu ni bibi mmoja, jamaa wa rafiki yangu. Nilimkuta uani akichochea moto. Juu ya mafiga sufuria ya majani ilikuwa inachemka, na mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amelala kwenye mkeka, homa imempanda tangu usiku.

“Shikamoo bibi. Unachemsha nini?”

“Marahaba mwanangu. Mwarobaini huu. Wewe wa pwani si unaujua?”

Naujua, na ndiyo maana nilishtuka. Mti uliokuwa nyuma ya jiko ulikuwa na maua ya zambarau hafifu yenye harufu tamu. Mwarobaini niliokulia chini ya kivuli chake huchanua maua meupe.

Kumwambia mtu mzima kwamba amekosea, tena kwake na bado hujapewa hata maji, si jambo jepesi. Nilimwomba ruhusa nichume tawi, nikamwonyesha. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja, na vijani vimejipanga huku na huku, vimepinda kidogo na kingo zake zina meno kama msumeno. La mti wake kikonyo kilijigawa tena, vikonyo vidogo juu ya kikubwa. Halafu matunda: ya mwarobaini ni marefu kidogo, kama zabibu. Yale yalikuwa ya mviringo, ya manjano, yamening’inia kwa vishada, mengine ya msimu uliopita yamekauka mtini.

Huo ni mmelia. Ni ndugu wa mwarobaini, familia moja, na hata wataalamu waliwahi kuiweka kundi moja: Linnaeus aliipa yote jina la Melia mwaka 1753, na mwarobaini ulipewa kundi lake mwaka 1830. Wazungu nao wamechangia mkanganyiko. Ulaya kuna kichaka cha bustani kiitwacho lilaki, asili yake milima ya Balkani, hakina undugu na miti hii. Kwa sababu ya rangi ya maua, mmelia wakauita lilaki ya Uajemi, na mwarobaini wakauita lilaki ya India. Mmelia asili yake ni Asia, kuanzia India hadi Uchina, na huenea mpaka Australia. Unapandwa kwa kuwa unakua haraka, una kivuli na mbao. Kokwa zake hutungwa shanga na tasbihi.

Shida ni sumu. Matunda ya mmelia ndiyo mabaya zaidi, na watoto huyapenda kwa rangi. Majani na magome nayo si salama kunywa. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa: kutapika, kuharisha, tumbo kukata, mwili kulegea, na hali ikiwa mbaya, degedege. Ndege wanayala bila tabu, ndiyo maana mtu hudhani hayana neno. Mtoto akiyala, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kituo cha afya na ubebe tawi au tunda alilokula.

Na mwarobaini wenyewe tusiupambe kupita kiasi. Mafuta yake yamewahi kudhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Bibi alisikiliza kimya. Kisha akacheka. “Mama yangu alitupa mubirizi. Huu mwarobaini tumeusikia redioni.” Mubirizi ni ule mti mchungu ambao Wanyambo na Wahaya wameutumia kwa homa miaka mingi. Nikaona anaanza kutazama upande wa shamba, nikamwahi: bibi, kwanza kipimo.

Akaimwaga sufuria mbali na kuku. Tukambeba mtoto kwa bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati amemkumbatia. Zahanati walimtoboa kidole, na baada ya muda mfupi jibu likatoka: malaria. Akaandikiwa dawa mseto ya siku tatu. Jioni ya pili aliomba uji mwenyewe.

Mmelia haukukatwa. Bibi anapenda kivuli chake, na nadhani yuko sahihi. Matunda yaliyodondoka yanafagiliwa na kufukiwa. Siku ya kuondoka aliniomba nimletee mche wa mwarobaini wa Tanga. Nikamweleza kwamba unapenda joto la nyanda za chini, huku juu utadumaa kwa baridi.

“Kama wewe,” akasema, akanitupia kanga nijifunike.