Waliokaa Chini ya Nyasi za Mufindi

Katikati ya miaka ya 1970 nilikuwa kibarua kwenye bustani ya miche upande wa Sao Hill, Mufindi. Miti ya majaribio ilikuwepo tangu 1939, lakini upandaji mkubwa, ule uliogeuza vilima vizima kuwa msitu, ndio tulioufanya sisi. Nchi ilitaka kutengeneza karatasi yake yenyewe, na kweli kiwanda cha Mgololo kilianza kazi mwaka 1985. Wageni wakija huniuliza habari za paini. Mimi napenda kuwaeleza habari za waliokuwa ardhini, maana sisi wachimba mashimo tulikuwa watu wa mwisho kuonana nao.

Vilima vile vilikuwa nyasi mpaka upeo wa macho. Ukipiga jembe mvua zikiwa zimekolea, bonge la udongo lilipasuka likiwa na nyungunyungu wanene, majongoo, na vibuu vyeupe vya mbawakawa vilivyojikunja. Fuko walisukuma vifusi vyao usiku, asubuhi tukavikuta njiani. Palipolishwa ng'ombe, mbawakawa wa mavi walikuwa kazini tangu jua linapochomoza, wakiviringisha na kuzika. Siafu wakikatisha, mnyapara mwenyewe alituambia tusubiri wapite. Na mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi waliruka jioni. Mama aliwakaanga kwa chumvi tukalia ugali.

Bustanini nilijifunza jambo ambalo mpaka leo naliona kubwa. Paini tuliyoipanda, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Miche yake ikiwekwa kwenye udongo wa kwetu mtupu hudumaa na kugeuka njano. Dawa ilikuwa udongo: tulitumwa na makarai kwenye paini za zamani, tukakwangua tabaka la juu lenye nyuzi nyeupe za kuvu, tukalichanganya na udongo wa kujazia viriba. Kuvu hao hushikamana na mizizi. Huutafutia mti fosforasi, nao mti huwalisha sukari. Kwa hiyo hatukupeleka miti peke yake kilimani. Kila kiriba kilibeba wakazi wapya wa udongo, na wale wa zamani hakuna aliyewahesabu.

Miaka michache ya mwanzo mabadiliko hayakuonekana. Kisha matawi yakakutana, mwanga ukakatika, nyasi zikafa. Mchwa waliokula nyasi wakakosa chakula, vichuguu vyao vikabomoka na mvua na hakuna aliyevijenga tena. Ng'ombe wakahamishwa, mbawakawa wa mavi nao wakatoweka. Sindano za paini zikaanza kulundikana. Ni ngumu, zina utomvu, na chokaa yake ni haba, wakati nyungunyungu wengi huhitaji chokaa na hawastahimili udongo mchachu. Zamani majani makavu yalivutwa chini na kuchanganywa na udongo; sasa yalibaki juu, mwaka juu ya mwaka, mpaka ukikanyaga unahisi godoro. Kiangazi kikifika, tabaka hilo ndilo linalobeba moto, na kila mtu wa Mufindi anajua hofu ya Septemba na Oktoba.

Wapo wanaosema chini ya paini ni jangwa. Nawapinga. Fukua sindano zilizoanza kuoza utaona utitiri wasiohesabika na vidudu vidogo vinavyoruka bila mabawa, wakila kuvu na kumeng'enya taratibu. Wadogo hawa hustawi humo, pengine kuliko kwenye nyasi. Waliopungua ni wakubwa, wachimbaji, wale waliotoboa njia za maji na hewa na kupandisha udongo wa chini juu. Kazi yao haifanywi na utitiri.

Sisemi paini hazikupaswa kupandwa. Zimesomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu. Ninachouliza ni hiki: maofisa walikuja na kamba na vipimo, wakaandika urefu na kipenyo cha kila mti wa sampuli. Kwa nini hakuna aliyechimba kashimo kamoja, kabla na baada, akaandika nani yumo? Ingegharimu jembe na daftari.

Sehemu iliyovunwa, nyasi zikipata mwanga, mchwa huonekana tena kwenye visiki. Lakini kabla hawajajenga, miche mipya imeshafika. Mabondeni kwenye vinyungu, tunapolima mahindi na maharage ya kiangazi, nyungunyungu bado wapo kwa wingi, na naamini mabonde hayo ndiyo akiba yetu. Siku hizi kila mwenye shamba anapanda paini zake binafsi, wengine mpaka ukingoni mwa maji. Nimewaendea majirani mmoja mmoja kuwaomba waache ukanda wa nyasi kati ya miti na bonde. Baadhi wamekubali, na huko ndiko ninakowapeleka wajukuu na jembe mvua zikianza.