Sanduku la mjomba Kinyangiri lina dola ngapi?

Msomaji wangu, kama umewahi kutumwa na ukoo mzima kijijini kwa sababu "wewe ndiye unayejua mambo ya mjini", basi unaijua presha niliyopanda nayo basi la Singida. Mimi niliyeishia kidato cha nne nimegeuzwa mtaalamu wa vitabu vya kale! Mjomba wangu wa Kinyangiri, mwalimu mstaafu, alipiga simu akasema chumba kimoja cha tembe lake kinavuja. Mvua za mwaka jana zimekimaliza, anataka kuondoa udongo wa juu aezeke bati. Hela hana. Ana sanduku la vitabu, na ndani yake kuna kimoja cha Kizungu, cha miungu, ambacho kijana wa jirani kamwambia huko ng'ambo kinanunuliwa kwa dola.

Kwa wasiopajua, Kinyangiri iko wilaya ya Mkalama, iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wazee bado wanasema "Iramba" tu, wilaya mpya ni ya kwenye barua. Nilifika alizeti imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, vumbi mpaka kwenye kope. Kila ukitazama kuna mawe makubwa yaliyopandana kama vile kuna jitu lilikuwa linajenga likaitwa kula, likasahau kurudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekuja na bei au umekuja na njaa?"

Nilikuwa na vyote viwili. Tukaanza na njaa, ugali wa mtama na kuku wa Singida ambaye sitaki kumlinganisha na wale wa Dar wanaoiva kabla maji hayajachemka. Halafu sanduku likatolewa uani.

Kitabu chenyewe kinaitwa Deities & Demigods, cha mwaka 1980, waandishi James Ward na Robert Kuntz. Kililetwa na kijana wa Kizungu aliyekuja na mradi wa maji miaka ya 80, akaondoka akamwachia mjomba kitabu, koti la mvua na dadu moja ya ajabu yenye nyuso 20. Mjomba aliamini dadu ni mbovu maana namba zake ni 0 mpaka 9, mara mbili mbili. Wala si mbovu. Dadu nyingi za zamani za mchezo huu zilitengenezwa hivyohivyo, na nyingine ulizipaka rangi ya nta mwenyewe ili namba zionekane.

Mchezo ni Dungeons & Dragons. Wanaofuatilia tamthilia ya Stranger Things, iliyoanza mwaka 2016, wamewaona wale watoto wakiucheza chini ya nyumba. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani. Mnakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake: huyu mchawi, huyu mwizi, yule askari. Unasema unafanya nini, dadu inaamua kama umefaulu au umeliwa na joka. Vitabu ni vya kanuni na vya viumbe vya kukutana navyo. Hiki cha mjomba ni cha miungu.

Sasa bei. Kabla ya safari nilikwenda kwa mshikaji wangu mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba barabarani Dar, akanipa darasa la bure. Kwanza, usidanganywe na bei iliyoandikwa kwenye mtandao. Mtu anaweza kuomba dola elfu kwa kandambili. Tafuta bei ambayo mtu ameshalipa. Pili, uzee peke yake hauna noti, kwani Biblia za zamani ziko nyingi kuliko makanisa. Tatu, hesabu kurasa.

Na hiki kitabu, kurasa ndiyo kesi yenyewe. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kurasa 144. Ndani mlikuwa na miungu ya kutisha ya hadithi za H. P. Lovecraft, pamoja na dunia ya Elric ya Michael Moorcock. Ukaja mzozo wa haki, maana kampuni nyingine, Chaosium, ndiyo ilikuwa na ruhusa ya kutumia hadithi hizo. Waliochapisha, TSR, wakaishia kuziondoa sura zote mbili na kitabu kikabaki na kurasa 128. Kwa hiyo wanaokusanya wanagombania cha 144, wanakilipia mara kadhaa ya kile cha 128. Jalada ni lilelile, mchoro wa Erol Otus, kwa hiyo ukitazama nje hutajua kitu.

Cha mjomba mchwa walikuwa wamekula pembe za nyuma, namba ya ukurasa wa mwisho haionekani. Nikafungua yaliyomo, mkono unatetemeka kama nafungua matokeo ya mtihani. Nikashuka na kidole, Wababeli, Waselti, Wachina... Cthulhu! Ipo! Nikaruka, nikamkumbatia mjomba. Kichwani nikaanza kupiga hesabu ya bati, kumi nikaziona kabisa.

Kisha nikaifungua hiyo sura yenyewe. Haipo. Imekatwa na mkasi, safi, moja kwa moja mpaka mshononi.

"Ah, zile," mjomba akasema huku akitazama jikoni. "Muulize Mama."

Mke wa mjomba, ambaye sote tunamwita Mama, hakuficha kitu. Yeye ni muumini wa Kilutheri wa kweli kweli. Aliona yale mapicha yenye mikia ya pweza usoni, akasema nyumba hii haiwezi kulala na hao. Alikata, nyingine akawashia moto. Nikataka kucheka, nikakumbuka kwamba hata huko Marekani kwenyewe, miaka hiyohiyo ya 80, wazazi na wachungaji waliupigia kelele mchezo huu kuwa ni ushetani. Mama hakuwasikia wala hawakumsikia. Ila wenzake walikata maneno, yeye akakata zile kurasa zenye hela.

Mjomba hakusikitika kama nilivyotegemea. Alikuwa na ugomvi mwingine na kitabu. Miungu ya Wagiriki imo, ya Wahindi, ya Wajapani, hata ya Wafini. Afrika nzima? Misri tu. "Hapo jirani kwa Waihanzu kuna watemi wa mvua, mwanamume na mwanamke, lazima wawe wawili ndipo mvua itengemae," akasema. "Mzungu huyu alikosa nini kuuliza?" Nikamwambia alikaa Marekani. Akasema hata hivyo.

Chini ya sanduku kulikuwa na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1952. Nakala ya mjomba haina jalada, imeshonwa upya kwa uzi wa gunia, kila pembeni kuna mwandiko wa wanafunzi. Kwa mizani ya mshikaji wangu wa Dar, hiyo ni takataka, maana kitabu kimechapwa tena na tena na kipya unakipata dukani. Nikamwambia mjomba ukweli, kwamba labda elfu mbili, tena kwa mtu mwenye huruma.

Jioni ndiyo nikaelewa kwa nini kimechakaa. Wajukuu na watoto wa majirani walikaa kwenye jamvi, mjomba akasoma pale Adili anapolazimika kuwachapa kila usiku manyani wawili, ambao ni ndugu zake waliogeuzwa. Hakusoma peke yake. Huyu mfalme Rai, yule jini, wawili wakagombania unyani (sijawahi kuona mtu anagombania kuchapwa). Na kila penye njia panda mjomba alitupa ile dadu "mbovu" juu ya ubao wa bao, ikitoka kubwa mtoto anaruhusiwa kubuni lake, ikitoka ndogo anafuata kitabu. Hakuna aliyemfundisha. Walipofika kwenye mji wa watu waliogeuka mawe, watoto wote waligeuka kutazama yale majabali nyuma ya nyumba. Na mimi niligeuka, sikufichi.

Asubuhi ujumbe ukaingia. Nilikuwa nimemtumia picha mnunuzi mmoja wa nje. Alijibu kwamba bila sura ile hakitaki, ila dadu ataichukua, akataja bei inayotosha bati mbili.

Mjomba akauliza bati mbili zinafunika nini. Nikamwambia sanduku. Akaingia ndani, akatoka na dadu, akaitupa uani mbele yangu. Ikatoka 3. Akaiokota akaitia mfukoni, suala likaisha.

Bodaboda ilikuwa imeshanguruma nikasikia Mama ananifuata mbio, mkononi ana kopo la sindano na nyuzi. Chini ya kopo alikuwa ametandika karatasi, akaikunjua taratibu: ukurasa mmoja, wenye pweza wake usoni, umejaa matundu ya sindano.

"Haya mwanangu," akasema. "Na huu ni dola ngapi?"