Jamii Yote Inakaribishwa

Kila muhula ukikaribia, katibu wa chuo kimoja cha ufundi hapa Ruiru hunitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp. Karatasi yenyewe imeandikwa kwa bairo na kukunjwa mara nne. Ndani kuna shughuli za muhula ujao: usajili, utoaji damu, uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, upandaji miti, siku ya wazi, tamasha la utamaduni, mahafali. Kazi yangu ni kuigeuza iwe tangazo linalosomeka, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Nalipwa elfu moja mia tano, M-Pesa, siku yoyote katibu akikumbuka. Na chini ya kila tangazo lazima niweke maneno yaleyale: Jamii yote inakaribishwa.

Jamii ni mimi. Niliwahi kuwa mwanafunzi, si pale lakini, kwa chuo kikuu fulani, mpaka mwaka wa tatu. Karo ikanishinda, nikawa jamii. Tofauti utaiona getini. Siku za kawaida soja anataka kitambulisho cha chuo, na kama huna, unarudi ulikotoka. Siku ya shughuli anakupungia tu mkono, pita.

Kwa hivyo nimejua kuingia vyuoni kwa mlango wa shughuli, na barabara yetu haikosi vyuo. Thika kuna MKU. Juja kuna JKUAT, iliyoanza 1981 ikiwa chuo tu, ikawa chuo kikuu kamili 1994. Katikati kuna Zetech na vyuo vidogo ambavyo majina yake huyaoni ila kwenye nguzo za stima. Ukipanda matatu Thika asubuhi ya siku ya kazi, mkafika Juja magari yameshikana bila ajali, angalia kando ya barabara. Kama kuna watu wanauza mashada ya kumetameta na maua ya plastiki, ni mahafali. Hapo mimi huangalia dirisha la upande wa pili.

Shughuli ninayoipenda kuandika ni ya utoaji damu. Maelezo yake ni mafupi na ya kweli: uwe na miaka 16 hadi 65, uwe na kilo 50 au zaidi, uwe mzima. Damu nyingi ya nchi hii hutoka kwa wanafunzi, ndiyo maana shule zikifungwa hospitali zinaanza kulia. Lakini ukweli mwingine hauandikwi kwa tangazo. Watu wengi tulikuwa tunapanga foleni kwa sababu ukishatoa unapewa soda na biskuti. Muhula wangu wa mwisho kampasi nilipanga foleni hiyo, nikapanda mizani, ikasoma 48. Muuguzi aliniangalia akauliza, "Umekula nini leo?" Nikasema chai. Akauliza jana, nikasema chai. Hakunitoa damu. Alichukua soda na pakiti mbili za biskuti, akanipa, akaita mtu wa nyuma yangu. Mpaka leo nikiandika "kilo 50" naongeza "kula kwanza" kwa maandishi makubwa. Katibu aliwahi kuniuliza kama hiyo iko kwa karatasi yake. Nikamwambia iko.

Upandaji miti sina mengi. Tangu ile likizo ya taifa ya tarehe 13 Novemba 2023, kila chuo lazima kipande kitu. Miche inapandwa, picha zinapigwa, na mbuzi wa jirani nao ni jamii.

Siku ya wazi ndiyo ilinipata.

Mama anauza mboga Makongeni. Nilikuwa nimemwambia kwamba nimeahirisha masomo muhula mmoja, na muhula huo ulikuwa umefika mwaka wa pili. Kila msimu wa mahafali alikuwa ananiuliza, "Yenu ni lini?" Nami nasema, bado. Mwaka jana, siku ya wazi ya kile chuo, nilikuwa nimesimama kwa hema la mapishi nikionja mandazi ya bure, nikamwona anaingia getini na kitambaa chake cha kanisa. Mkononi alikuwa na tangazo langu, ameling'oa kwa nguzo karibu na steji ya Makongeni. Soja alimpungia mkono.

"Si wewe uliandika hii?" akaniuliza. Hakungoja jibu. Akazunguka meza zote polepole, vile huzunguka sokoni akitafuta nyanya. Akapimwa presha. Akauliza bei ya jiko lililochomelewa na wanafunzi, akasema ni ghali. Kwa meza ya umeme akasimama. Kulikuwa na ubao wenye swichi na balbu, na mwalimu kijana.

"Mwalimu," akasema, "na mtu aliyeacha kampasi mwaka wa tatu, hapa anaanzia wapi?"

Mimi nilikuwa nyuma yake, mandazi mdomoni.

"Alipata ngapi kidato cha nne?"

"C+."

"Huyo anaingia diploma. C- inatosha. Tunasajili Januari, Mei na Septemba." Karo akamwambia ni Sh67,189 kwa mwaka, kabla ya mkopo wa HELB. Mama akarudia hiyo hesabu mara mbili, akiiweka kichwani pamoja na madeni ya wateja wake.

Baadaye tulikula chapati na madondo nje ya geti. Nikamuuliza alijua lini.

"Uliacha kuniomba pesa," akasema. "Mtoto wa kampasi haachi kuomba pesa."

Nilitaka kumweleza kwamba naandika, kwamba kuandika pia ni kazi, kwamba sijui kama naipenda stima. Hakuna kati ya hayo lililokuwa uongo. Lakini alikuwa ananikatia kipande cha chapati yake, nikanyamaza.

Juzi karatasi ya muhula ujao imefika. Usajili wa Septemba uko juu, mahafali mwisho kabisa, herufi zimebanana pembeni. Niliandika yote jioni moja isipokuwa mstari wa kwanza. Kisha Mama akapiga simu kuuliza kama tangazo limetoka.

"Bado."

"Ukiweka tarehe uniambie mimi kwanza. Nataka kuongea na watu wa chama."

Nikamsomea tarehe. Nikamsomea na vitu vya kubeba: kitambulisho, picha mbili, cheti cha kidato cha nne.

"Cheti ni mimi niko nacho," akasema. "Kiko kwa sanduku. Usikitafute huko Ruiru."