Njia Isiyo na Gari, Tuta Lenye Mwenyewe

Anayepanga safari ya baiskeli Uholanzi hahitaji kujua jina la kijiji hata kimoja. Anaandika namba kwenye kipande cha karatasi, anakibandika kwenye usukani, anaondoka. Kila njia za baiskeli zinapokutana pana nguzo yenye namba yake na mishale ya kukupeleka kwenye namba za jirani, kilomita chache mbele. Utaratibu huu umetoka ng'ambo ya mpaka, Limburg ya Ubelgiji. Aliyeubuni ni Hugo Bollen, mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe, ambako mapito ya chini ya ardhi yalijulikana kwa namba. Migodi ikafungwa, namba zikapandishwa juu, na mwaka 1995 mtandao wa kwanza ukafunguliwa. Waholanzi wakauiga hadi ukaenea nchi nzima.

Mimi naishi Dordrecht, mji uliozungukwa na mito pande zote, na Jumamosi yenye jua huwa napakia baiskeli kwenye boti ya abiria hadi Kinderdijk. Hapo pana vinu vya upepo 19, vingi vyao vya miaka ya karibu na 1740, vilivyowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Kazi yake kuu haikuwa kusaga nafaka. Vilipandisha maji kutoka mashambani hadi mferejini, na kutoka mferejini hadi mtoni, kwa sababu huku shamba liko chini na mto uko juu. Njia inayopita katikati ya vinu hairuhusu gari. Kuna matete kushoto na kulia, korongo wamesimama kwa mguu mmoja, na bata bukini wanaochafua njia bila haya. Ukifika kwenye tuta la mto ndipo unaielewa nchi hii: upande mmoja maji yako karibu na usawa wa magurudumu yako, upande wa pili unatazama mapaa ya nyumba za watu.

Jioni moja nilimpigia mjomba Ifakara, nikamwonyesha kwa video wazee wawili, mume na mke, wamevaa makoti ya mvua, wanapita taratibu kwa baiskeli.

"Wanapeleka nini?" akauliza.

"Hawapeleki kitu, mjomba. Wanatembea tu."

"Na mvua hiyo? Na baiskeli nzuri vile isiyo na mzigo?"

Nikamwambia wamestaafu. Akacheka, akasema basi waje kwake wakati wa mavuno, kuna magunia.

Swali lake si la mzaha. Bonde la Kilombero, kwetu Tanzania anakoishi mjomba, ni tambarare, lina maji, lina mpunga hadi jicho lichoke, na lina baiskeli. Milima ya Udzungwa imesimama upande mmoja, nyanda za juu za Mahenge upande mwingine, na katikati mto unajitandaza wakati wa masika. Mwaka 2002 bonde liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Na kama tunatafuta njia za baiskeli zisizo na magari, tunazo nyingi kuliko tunavyodhani. Kutoka barabara kuu kwenda mashambani, kutoka kitongoji hadi kitongoji, kuna vijia vyembamba vilivyochongwa na matairi na nyayo, vigumu kama sakafu kiangazi kikikolea. Gari halipiti huko hata likitaka. Hupita baiskeli ya Phoenix yenye gunia la mpunga keriani, ndoo ya perege imening'inia kwenye usukani, na mwenye baiskeli pengine hata hajapanda, anaisukuma.

Kwa hiyo siwezi kusema Ulaya wana njia na sisi hatuna. Tofauti ninayoiona iko kwingine. Nitaieleza kwa kuanzia na namna Waholanzi walivyopata zao.

Hadithi inayosimuliwa sana ni ya mijini. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 Uholanzi, wakiwemo zaidi ya watoto 400. Wazazi wakaingia barabarani kudai mauaji ya watoto yakome, kisha mwaka 1973 mafuta yakaadimika, magari yakapigwa marufuku siku za Jumapili, na watu wakaona barabara tupu kwa macho yao. Hayo ni kweli, na njia nyingi nyekundu za baiskeli za mjini zina mizizi yake hapo. Lakini huku kwenye mabonde sababu ni ya zamani zaidi, nayo ni maji. Tuta lisipokaguliwa linabomoka. Panya-buku wanachimba, mizizi inapasua, maji yanapenya chini kwa chini. Mkaguzi lazima apite juu ya tuta au pembeni yake, na trekta la kufyeka nyasi lazima lipite. Kwa hiyo tuta lina njia, na njia ile inaanza kazini kabla ya mtalii yeyote kuzaliwa. Kuiwekea alama ya baiskeli na kuzuia magari kwa kigingi kimoja katikati ni hatua ndogo sana baada ya hapo.

Na tuta lina mwenyewe. Kuna mamlaka za maji zinazoitwa waterschap, nyingine zina asili ya karne ya 13, leo zimebaki 21. Mabaraza yake huchaguliwa kwa kura, nazo hutoza kodi yake kando kabisa ya kodi za serikali. Hata mimi mpangaji wa kutoka Morogoro naletewa bili, na naikunjia uso kila inapofika. Ila najua bomba likipasuka kwenye tuta namba ya kupiga ni ipi.

Vijia vya Kilombero havina mwenyewe. Ni vya kila mtu, maana yake mtu akipanua jaruba lake hatua mbili, kijia kimekwisha. Mwekezaji akiweka uzio, unazunguka. Masika yakija, udongo mweusi unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma, na maji yakipungua kila mtu anaanza kuchonga upya pale palipokauka kwanza. Siku hizi kuna bodaboda pia, ambazo zinapita palepale kwa kasi, na mwenye gunia ndiye anayeshukia majanini. Sijasema bodaboda ni mbaya. Mgonjwa wa usiku hawezi kusubiri baiskeli. Nasema hakuna aliyewahi kukaa na kuamua nani apite wapi.

Kuna mambo ambayo nyumbani tunawazidi, tena kwa mbali. Pata pancha katikati ya mashamba ya huku Alblasserwaard Jumapili alasiri uone. Nyumba zimefungwa mapazia, na mwenye kukupita anakusalimia kwa kichwa akidhani unapumzika. Kwetu hufiki mwembe wa tatu bila kumkuta fundi na karai lake la maji, pampu, gundi na vipande vya tyubu kuukuu. Utaondoka umezibwa, umepewa habari za barabara ya mbele na pengine kipande cha muhogo. Na upepo! Watu husema Uholanzi haina mlima, kumbe mlima wake ni upepo wa mbele, usio na kilele wala mteremko.

Safari ninayoipenda kuliko zote inapita Biesbosch. Mafuriko ya Novemba 1421 yaliyafunika mashamba na vijiji huko, na sehemu kubwa haikurudishwa tena. Ikabaki visiwa, mierebi na mikono ya mto. Unavuka kwa pantoni panapoitwa Kop van 't Land, na nikiwa juu yake nakumbuka foleni za baiskeli kwenye kivuko cha Mto Kilombero kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018. Ng'ambo ya pili ni Noordwaard, ambako Waholanzi walifanya jambo ambalo babu zao wangeliita kichaa: walishusha matuta makusudi. Mwaka 1995 mito ilikuwa imejaa kiasi kwamba watu kama robo milioni walihamishwa, ikaonekana kila tuta haliwezi kuinuliwa milele. Kufikia 2015 mto ulikuwa umeachiwa nafasi Noordwaard. Maji yakiwa mengi yanapita mashambani, yakipungua ng'ombe wanarudi.

Hilo Kilombero imelijua siku zote. Ndiyo maana sioni sababu ya kuiga matuta marefu ya kuuzuia mto bondeni. Lakini skimu za umwagiliaji zinazojengwa zina mifereji, na kila mfereji una tuta, na kila tuta lazima likaguliwe. Hapo ndipo ningependa mhandisi aongeze nusu mita ya upana, changarawe, kigingi cha kuzuia gari na kifungu kimoja kwenye sheria ndogo za umoja wa watumia maji kinachosema njia hii ni ya nani. Kwanza ipite mpunga. Watalii wakija baadaye, karibu. Wakikawia, mkulima hajapoteza kitu.

Anayetaka kulizungukia bonde kwa baiskeli hata leo, aende kati ya Julai na Oktoba. Aazime Phoenix yenye keria badala ya kuja na baiskeli ya gia nyingi ambayo fundi hana vipuri vyake. Abebe tyubu ya akiba na maji. Kila kijiji aulize njia ya kwenda kinachofuata, hata kama alipita mwaka jana, na akiambiwa huko kuna tembo au viboko asibishane, azunguke. Mjomba anasema akipita kwake atapata wali, ila keria isiwe tupu.