Chupa ya Vidonge Vitamu

Mimi ni mkulima. Nina kihamba cha migomba na kahawa katika mkoa wa Kilimanjaro. Nilizaliwa mwaka 1958. Sikupata kusoma nilipokuwa mtoto, kwa sababu nilibaki nyumbani kulea wadogo zangu. Nilijifunza kusoma mwaka 2016 katika darasa la watu wazima la kijiji chetu. Wakati huo nilikuwa tayari bibi wa wajukuu wanne. Leo nataka kuwaeleza habari za ugonjwa wangu, na habari za vidonge vitamu nilivyovimeza kwa miaka 8.

Ugonjwa wangu ulikuwa kipandauso. Wenye ugonjwa huu wanaujua. Kichwa kinagonga upande mmoja, kama kwamba ndani yake mtu anatwanga mahindi. Macho hayataki mwanga. Ukisikia harufu ya moshi wa jikoni unataka kutapika. Kuinama kupalilia huwezi. Siku kikija, unafunga mlango, unajifunga kanga kichwani, unalala mpaka kiondoke chenyewe.

Nilikuwa nanunua vidonge vya maumivu dukani. Mwanzoni nilimeza viwili kwa wiki. Baadaye nikameza viwili kila siku. Vilikaa katika fundo la kanga yangu, pamoja na pesa ya chumvi. Asubuhi nikiamka, kabla hata ya kukoka moto, nilikuwa nimekwisha meza. Muuza duka hakuniuliza neno. Alipoona nakuja, alinyoosha mkono kwenye kopo la vidonge.

Mwaka 2009 mume wangu alifariki dunia. Baada ya matanga kichwa kilizidi. Mwaka uliofuata mdogo wangu akaniambia, "Dada, twende mjini. Yuko mama mmoja anatibu magonjwa ya siku nyingi. Dawa yake haina ukali." Tukaenda.

Tiba ya mama yule inaitwa homeopathi. Sikulijua jina hilo siku ile. Nilichoona ni chumba kidogo, meza, na kabati lenye chupa nyingi ndogo zinazofanana. Akanikaribisha kiti. Kisha akaanza kuniuliza maswali, akawa anaandika. Kichwa kinauma upande gani? Kinaanza saa ngapi? Jua linakizidisha? Je, mama, unapenda chakula chenye chumvi au kitamu? Unapolia, unalia mbele ya watu au unalia peke yako?

Hapo nilinyamaza. Nikamwambia, "Daktari, mimi nalia zizini, ninapowapa ng'ombe majani. Watoto wasinione." Akaweka kalamu chini. Akaniuliza habari za mume wangu. Tangu siku ya mazishi hakuna mtu aliyeniuliza habari zake. Watu walikuwa wananipa pole, basi. Nikalia mbele ya mgeni, naye akangoja mpaka nilipomaliza. Tulikaa kwa muda wa saa moja na nusu. Ndugu msomaji, wewe unajua mtu hukaa muda gani mbele ya daktari baada ya kungoja kwenye foleni tangu alfajiri.

Akanipa chupa ndogo ya vidonge vyeupe. Vidogo kama punje za mtama, na vitamu. Akanipa na masharti. Nisinywe kahawa. Nisijipake dawa zenye kafuri. Na vidonge vya dukani niviache kabisa, kwa sababu vinaharibu nguvu ya dawa yake. Sharti la kahawa halikunisumbua. Sisi tunailima, lakini nyumbani kwangu tunakunywa chai.

Wiki mbili za kwanza niliumwa kuliko nilivyopata kuumwa. Nikarudi kwake nalalamika. Akaniambia, "Mama, hiyo ni dalili njema. Ugonjwa unachacha kabla ya kutoka." Na kweli, wiki ya nne kichwa kikatulia. Toka kila siku, kikawa kinakuja mara mbili kwa mwezi. Nikaweza kuchuma kahawa kutwa nzima. Nani angeniambia tena kwamba dawa ile haifai? Nilimwimbia sifa kijiji kizima. Kila baada ya miezi michache nilishuka mjini na kununua chupa nyingine.

Sasa nije kwenye darasa. Mwaka 2017 mwalimu wetu alituambia kila mmoja alete kitu chenye maandishi kutoka nyumbani kwake. Mmoja alileta gunia la mbolea. Mwingine alileta kadi ya kliniki ya mjukuu. Mimi nilileta chupa yangu. Nikasoma herufi moja moja: Natrum mur. 30C. Niliweza kuisoma, lakini sikuielewa, wala mwalimu hakuielewa. Yeye ni mtu wa kutafuta. Alimwuliza mwenzake anayefundisha kemia katika shule ya sekondari, na wiki iliyofuata alikuja na jibu.

"Bibi," akaniambia, "dawa yako ni chumvi."

Darasa zima lilicheka. Nilimwambia, "Mwalimu, hii ni tamu." Akasema, "Utamu ni wa sukari. Kidonge chenyewe ni sukari. Hayo maneno ya Kilatini ndiyo chumvi, hii ya jikoni. Lakini ngoja kwanza tuifanyie hesabu."

Akaeleza ubaoni. Wanachukua tone moja la maji ya chumvi, wanalichanganya na matone 99 ya maji au ya spiriti. Wanatikisa kwa nguvu. Hiyo ni hatua ya kwanza. Wanachukua tone moja la mchanganyiko huo, wanalitia tena katika matone 99. Hatua ya pili. Sasa chumvi ni sehemu moja katika 10,000. Hatua ya tatu, sehemu moja katika 1,000,000. Na 30C maana yake ni hatua 30. Mwalimu akaandika 1, kisha akaanza kuandika sifuri, nasi tukihesabu kwa sauti. Sifuri 60. Ubao ulikuwa mfupi, akashuka mstari wa pili. Akatuambia kwamba ukitia tone moja katika Ziwa Victoria lote, hujafika hatua ya 10. Na baada ya hatua ya 12 hivi, hata chembe moja ya ile chumvi ya kwanza si rahisi kuipata. Kilichobaki ni maji. Maji hayo wanayanyunyizia vidonge vya sukari, kisha vinakauka.

Mzee mmoja akauliza swali zuri: "Nani alifikiri jambo hili?" Mwalimu akatusimulia. Alikuwa daktari wa Ujerumani, jina lake Samuel Hahnemann. Alizaliwa mwaka 1755, akafa mwaka 1843. Mwaka 1790 alijaribu gome la mti unaotoa kwinini. Sisi sote pale tuliijua kwinini, uchungu wake na masikio kuvuma. Yeye alikuwa mzima, lakini alipolimeza lile gome alijisikia kama mwenye homa. Akawaza: kumbe kinachomletea mzima dalili za homa ndicho kinachomponya mwenye homa. Akajenga tiba yake juu ya wazo hilo. Hakujua kwamba kwinini inaua vijidudu vya malaria ndani ya damu. Vijidudu hivyo vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, naye alikuwa amekwisha kufa.

Mimi simcheki mtu yule. Siku zake, madaktari wa Ulaya waliwachanja wagonjwa na kuwatoa damu kwa mabakuli. Waliwapa zebaki, ambayo ni sumu. Mgonjwa wa Hahnemann alipewa maji na sukari, akaambiwa apumzike. Huyu wa maji na sukari alikuwa na bahati zaidi, maana hakuna aliyemdhuru.

Basi, baada ya kuyasikia hayo yote, je, nilivitupa vidonge? Hapana. Niliirudisha chupa katika fundo la kanga. Nilijisemea, wao wana hesabu zao, lakini mimi nina kichwa changu, na kichwa changu hakiumi.

Mwezi wa nane mwaka 2018 nilikuwa shambani nachuma kahawa. Kikapu kikaanguka. Nilifikiri kamba imekatika. Niliponyoosha mkono wa kushoto kukiokota, mkono haukuja. Nikamwita mkwe wangu. Alinitazama, akapiga kelele, "Mama, mdomo wako!" Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Maneno yangu hayakueleweka. Kijana wangu akanipakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali.

Walinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Ilikuwa 210 kwa 120. Daktari aliita mwenzake, wakapima tena. Kisha akaniuliza nilipima presha mara ya mwisho lini. Mwanangu alinijibia: tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Miaka zaidi ya 25. Daktari akasema nimepata kiharusi, na nina bahati kwamba ni kidogo. Maana presha ya mtu mzima inatakiwa iwe chini ya 140 kwa 90. Nikamwambia, nilipoweza kusema, kwamba nilikuwa sisikii kitu. Akasema presha ndivyo ilivyo. Watu wengi hawasikii chochote mpaka siku ya kuanguka.

Nililazwa siku 9. Daktari huyo alikuwa kijana, na alikuwa msikivu. Nikamweleza habari za vidonge vitamu. Nilitegemea atanikemea. Hakunikemea, ila aliniuliza jambo ambalo sikulitazamia: "Kabla ya hivyo vitamu, ulikuwa unameza nini?" Nikamwambia habari za vidonge vya dukani, viwili kila siku kwa miaka. Akatikisa kichwa. Akasema vidonge vya maumivu, ukivimeza karibu kila siku kwa miezi mingi, vyenyewe vinaleta maumivu ya kichwa. Ukiviacha, kichwa kinauma vibaya sana kwa wiki moja au mbili au hata zaidi, kisha kinapoa. Tena vingine vinapandisha presha na kuharibu figo.

Nililala nikiwaza. Kumbe zile wiki mbili mbaya hazikuwa ugonjwa kuchacha. Ni mwili ulikuwa unadai vidonge vyake. Kilichoniponya kichwa ni lile sharti, si ile chupa. Na kulia kwangu pale chumbani nadhani kulisaidia pia. Nikamkumbuka yule Mjerumani na wagonjwa wake waliokwepa kutolewa damu. Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa wa pili, na kwa ugonjwa huo maji na sukari havikuwa na kazi. Kwa miaka 8 kila nilipojisikia vizuri nilisema, nina haja gani ya kwenda kupima?

Baadaye mwalimu alinionyesha mambo mengine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasitegemee homeopathi kwa UKIMWI, kifua kikuu, malaria, homa kali ya mafua na kuhara kwa watoto wachanga. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti nyingi, na halikuona ugonjwa hata mmoja ambao una ushahidi wa kutegemewa kwamba tiba hii inauponya. Hapa kwetu Tanzania iko sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala, na watabibu wanatakiwa wajiandikishe. Cheti ukutani ni jambo zuri. Lakini cheti hakipimi presha ya mtu.

Nilipopata nguvu nilikwenda kumwona yule mama mjini. Mwanangu hakutaka niende. Nilimwambia alinitendea wema, lazima nimweleze. Alisikitika kweli. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akaukunjua vidole. Kisha akasema, "Mama, hukuniambia kwamba una presha."

Nikamjibu, "Daktari, ningejuaje bila kupimwa?"

Hakusema neno. Mimi pia. Nje watu walikuwa wanangoja zamu zao. Alinisindikiza mpaka mlangoni, na safari hii hakunipa chupa.

Sasa nameza amlodipini, kidonge kimoja kila jioni. Si kitamu. Mwanzoni miguu ilivimba kidogo, daktari akanipunguzia kipimo na kuniongezea kidonge cha aina nyingine. Chumvi nimepunguza, na hilo ndilo gumu kuliko yote, maana ndizi bila chumvi zinanishinda. Mkono haujarudi sawasawa. Kuchuma kahawa ninaweza, lakini kubeba mkungu siwezi tena. Kipandauso bado kinanitembelea mara moja moja, nami nafunga mlango na kulala.

Kila mwezi nakwenda kliniki ya presha. Tunakaa kwenye benchi refu, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Foleni ni ndefu vilevile. Daktari ana dakika chache kwa kila mtu, hawezi kukuuliza unalia wapi. Kwa hiyo tunaulizana sisi kwa sisi pale kwenye benchi. Mara ya mwisho kadi yangu iliandikwa 138 kwa 84. Niliisoma mwenyewe. Bibi aliyekaa karibu yangu aliposikia nasoma, alifungua fundo la kanga yake, akatoa chupa ndogo iliyojaa vidonge vyeupe.

"Mwenzangu," akasema, "hebu nisomee na hii."