Tundu Lisilozibwa

Nguvu isiyo na kizuizi si ya kutumainiwa. Moto uliozungukwa na mafiga hupika. Ulioachwa huru huteketeza. Jambo hili si geni kwako, msomaji kijana, lakini nataka kukuonyesha chombo kidogo kinacholitimiza kila siku katika nyumba zetu za Kiamaiko, mtaa wa Nairobi ujulikanao kwa soko lake la mbuzi. Chombo hicho ni regulata ya mtungi wa gesi.

Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa hata ikawa kimiminiko. Msukumo wake huweza kuwa mara mia ya ule uhitajiwao na jiko. Regulata hukaa mlangoni na utando wa mpira, springi na kizibo kidogo. Msukumo ukizidi, utando huinuka na kizibo hufunga njia. Ukipungua, springi huushusha utando na njia hufunguka. Bunduki za hewa za mashindano ya shabaha ya Olimpiki nazo hutumia regulata. Hewa ya tangi lake huweza kuwa na msukumo mara 200 wa hewa tuivutayo, na regulata huigawa kwa kipimo kimoja, ili risasi zote ziende kwa mwendo mmoja.

Yafaa uzijue dalili za ugonjwa wa chombo hiki. Mwali ukiruka juu unapowashwa, kisha ukatulia, huenda kizibo kimelika au kimeingiwa na uchafu, na gesi imepenya polepole jiko lilipokuwa limefungwa. Katika bunduki, kasoro hiyo hujulikana kwa risasi ya kwanza kwenda kwa mwendo usio wake baada ya bunduki kupumzika. Mwali ukiwa dhaifu, pima kwanza uzito wa mtungi na ukague mpira, kabla hujailaumu regulata.

Ukisikia harufu, funga mtungi, zima kila moto, fungua milango, wala usiguse swichi ya umeme. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hulala sakafuni ikingoja cheche. Harufu ikiisha, paka povu la sabuni kwenye maungio, kwenye mpira, na kwenye tundu dogo lililo juu ya regulata, kisha fungua mtungi pasipo moto karibu. Panapovimba mapovu ndipo penye kasoro. Kamwe usitafute kwa kiberiti.

Jirani yangu mmoja, muuza chapati, aliyaona mapovu penye tundu lile.

“Mwanangu, niletee nta nilizibe,” aliniambia.

“Mama,” nikamjibu, “tundu hili ndilo pumzi ya utando. Likitoa gesi, utando umepasuka. Ukiliziba utaizima harufu, na hatari itabaki.”

Alinyamaza akihesabu fedha zake, kwa maana regulata hufungwa kiwandani na haifai kufunguliwa, iliyoharibika hubadilishwa. Bei ya mpya ilikuwa unga wa siku kadhaa. Lakini ukuta wake ulikuwa wa bati, na nyuma ya bati lile walilala watoto wa mtu mwingine. Aliutazama ukuta ule kwa muda. Jioni hiyo alipika kwa makaa, na kesho yake akanunua mpya.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka huko Embakasi, katika Nairobi hii hii. Watu zaidi ya 200 walijeruhiwa, na wengine walikufa. Msiba ule haukutoka katika regulata ya jikoni, walakini ulituonyesha kuwa moto wa gesi haumchagui mwenye kosa.

Basi, msomaji, dalili ni shahidi. Fundi mwema humsikiliza shahidi hadi mwisho. Fundi mbaya humziba kinywa, akalala usingizi, na jirani yake akalipa.