Haja njo nini?

Neno la kwanza nililomfundisha mtoto wa dada yangu kwa makusudi lilikuwa haja. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Mimi nilikuwa nimerudi Likasi kwa likizo ndefu, na dada, ambaye hushinda sokoni Kikula akiuza unga, aliniachia mtoto, nepi za kitambaa na poti nyekundu ya plastiki ambayo kwetu tunaiita po, kama Wafaransa. "Uko na wakati," aliniambia. "Mufundishe."

Nikamfundisha kama mtu aliyekaa miaka mitatu kwenye kozi za lugha za Kiafrika. Watoto wa Likasi husema pipi kwa mkojo na kaka kwa kile kingine, maneno mawili ya Kifaransa cha kitotoni. Hilo la pili lilinikera hasa. Mtoto wetu akilisema mbele ya Mtanzania, huyo Mtanzania ataanza kumtafuta kaka yake mkubwa. Nikaamua kwamba huyu wa kwetu atakuwa na neno la Kiswahili bora tangu mwanzo, neno la kwenye kamusi, ambalo mwalimu hatalazimika kulisahihisha. Haja. Neno hilo lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya kitu mtu anachokihitaji, likakaa pwani karne nyingi, na sasa lilikuwa limefika Likasi, kwenye po nyekundu.

Mtoto hakuiweza h. Alisema "aja". Ndani ya wiki tatu alikuwa anakuja jikoni ameshika suruali yake, anasema "aja", nami naacha chungu motoni na kukimbia naye. Nilijivuna. Niliwaeleza hata wenzangu wa kozi.

Tatizo la po ni kwamba haisafiri. Nyumbani, kumzoesha mtoto ni kazi ya watu wawili. Akitoka nje inakuwa kazi ya kila mtu aliye karibu naye, na hapo ndipo adabu inapoanza. Ukiwa kwa jirani unamwuliza mwenye nyumba kwanza, pembeni, kwa sauti ndogo, maana choo cha uani kinaweza kuwa na kufuli na ufunguo uko kwa mpangaji mwingine. Sokoni unampa falanga anayelinda mlango, na maji unamwaga mwenyewe. Kando ya barabara unatafuta nyasi, si ukuta, kwa sababu kuta za mjini zimeandikwa kwa rangi kwamba ni marufuku kukojoa hapo, mara nyingi kwa Kifaransa. Mtoto hajui kusoma, na mwenye ukuta hatamkaripia yeye. Atakukaripia wewe. Unasogea mbali na mama anayechoma mahindi. Unabeba chupa ya maji, kitambaa, suruali ya pili. Hayo yote niliyajua, na begi langu siku ile lilikuwa na kila kitu.

Siku ile ni ya mwezi wa nane. Nilikuwa nimempeleka mtoto Lubumbashi kumwona baba yake, kilomita zipatazo 120 kutoka kwetu, na sasa tulikuwa tunarudi. Basi dogo lilikuwa limejaa. Nilipata nafasi ya kubanwa karibu na mlango, begi juu ya magoti, na mama mmoja wa kiti cha nyuma kabisa akanyosha mikono: "Leta mutoto." Kwetu hilo halihitaji kujuana. Aliyekaa vizuri hubeba mtoto wa aliyebanwa, na mwenye mtoto hushukuru na kutazama mbele. Ukigeukageuka kumchungulia, ni kama unamshuku. Nikatazama mbele.

Kabla ya kufika Luisha, kijana mmoja alimwambia dereva: "Shofere, nisaidie kidogo." Hakutaja kitu. Basi zima lilielewa. Dereva akasimama, wanaume wanne wakaingia vichakani, wakarudi wakifunga mikanda, safari ikaendelea. Watanzania kwenye mabasi yao ya mbali wana msemo mzuri zaidi, kuchimba dawa: basi linasimama porini, abiria wanashuka kuchimba dawa, na hakuna anayeuliza ni dawa ya ugonjwa gani. Wakati huo mtoto wangu alikuwa amelala.

Aliamka baada ya Luisha. Mimi sikusikia kitu, kwa sababu barabara ile ina malori ya migodi usiku na mchana na dirisha lilikuwa wazi. Yaliyofuata nilisimuliwa. Mtoto alisema "aja". Mama akainama kumsikiliza. Akasema tena, "aja, aja". Mama, mtu mwema, akasikia njala.

Angesikia nini kingine? Ile njaa ya pwani kwetu ni njala. Katanga imeitunza l ambayo pwani iliidondosha, kama tunavyosema kulomba pale wao wanaposema kuomba. Na kila mtu anajua kwamba mtoto mdogo hutamka nusu ya neno. Hakuna fonolojia iliyo wazi kuliko hiyo. Akampa biskuti. Mtoto akaila, maana ni mtoto, kisha akasema tena "aja". Akapewa maji ya kifuko, akayamaliza. Akasema "aja" huku analia. Akapewa ndizi.

Nilichosikia mimi ni hiki: "Aaa! Mutoto mukubwa hivi!"

Kitenge cha yule mama kilikuwa kimelowa mpaka magotini. Basi likacheka. Kuna aliyesema kikojozi, yenye ile ki- ya kudunisha ambayo mwaka wa kwanza tuliinakili ubaoni bila kumfikiria mtu yeyote. Mtoto akapitishwa mikono kwa mikono juu ya vichwa vya abiria, kila mmoja akimshika mbali na nguo zake kama sufuria ya moto, hadi akanifikia. Hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama tu. Alikuwa amefanya kila nilichomfundisha.

Niliomba msamaha, nikamtumia yule mama kitenge changu cha kubadilisha. Alikuwa ameshatulia. Akaniuliza kutoka kule nyuma mtoto alikuwa anasema nini. "Haja," nikamjibu. "Alikuwa anasema haja." Mama akafikiri, akawatazama waliokaa naye, nao wakatikisa vichwa. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote: "Haja njo nini?"

Nilikuwa na jibu la ukurasa mzima. Nikasema, "Pipi, mama."

"Aaa! Aseme basi pipi!"

Wazee wana methali, akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha. Kijana alisema nusu ya sentensi, tena ya kupinda, akasimamishiwa basi. Mtoto alisema neno zima, mara tatu, akapewa biskuti, maji na ndizi.

Nyumbani hakusema tena "aja". Hakusema chochote. Akiiona po alikimbia. Tulimkuta amejificha nyuma ya mlango, amebana miguu, uso umeiva, na tukijaribu kumbeba alipiga mayowe. Mkojo ulimponyoka palepale alipo, lakini kile kingine alikizuia. Siku ya nne tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akauliza kama anapata choo, na hata pale, nikiwa na hofu, akili yangu ilisimama kwenye neno: choo ni chumba, na choo ni kile kinachoachwa humo, kwa hiyo mtu akisema choo kimefungwa huenda tatizo ni mlango na huenda ni tumbo. Naona aibu kidogo kuandika kwamba nilifikiria hivyo wakati mtoto ananing'ang'ania shingo. Muuguzi akasema tumpe papai na maji mengi, tusimlazimishe kukaa kwenye po, na asigombezwe hata kidogo. Mtoto akiogopa huzuia, kilichozuiwa hukauka na kuuma, na kwa kuwa kinauma huzuiwa tena.

Dada hakusema kitu njia nzima. Usiku, akikunja nguo, ndipo aliposema: "Si ungemufundisha pipi tu, kama bantu bote."

Sikumjibu. Ningejibu nini? Neno lile nililichagua kwa ajili ya masikio yangu, na ya wahadhiri wangu labda. Sikuwahi kujiuliza ni masikio ya nani yatakayokuwa karibu siku mtoto atakapolihitaji. Edgar Polomé alikieleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na mtu mwenye kozi kama zangu anaweza kukutajia sifa zake akiwa amelala: ba- mahali pa wa-, mu- isiyopoteza u yake, njo inayotia mkazo. Nilizijua zote kwa ajili ya mtihani. Kwenye basi nilizisahau.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama maneno haya upya. Darasani hatuyagusi. Kwenye orodha ya vitenzi vya silabi moja tunasoma -la, -fa, -ja, -nywa, na -nya ikijitokeza kila mtu huharakisha kusema kwamba ni ya mvua. Ni kweli mvua hunya, ingawa siku hizi tunapendelea kusema inanyesha, nadhani kwa kulikwepa jambo hilohilo. Lakini kitenzi hicho hunyambulika vizuri. Kwenye kutendea kina methali yake: mtoto akikunyea kiganjani hukikati kiganja, unakiosha. Na ndugu yake, kukojoa, kwenye kutendesha ana kukojoza, yaani kumfanya mtoto akojoe. Hapo ndani ya kitenzi kimoja kuna watu wawili, anayekojoa na anayemshika.

Sasa tazama maneno yetu ya adabu. Kwenda haja: unakwenda mwenyewe. Msalani, maliwato: ni mahali, na mlango umefungwa. Kujisaidia ina -ji- kabisa. Yote ni maneno ya mtu mzima aliye peke yake, anayejua njia, anayeweza kufungua mkanda, anayeondoka bila kueleza anakwenda wapi. Ndiyo kazi yake tafsida: kumpa mtu faragha. Mtoto wa miaka miwili hataki faragha. Hajisaidii, anasaidiwa, na neno lake linapaswa kumwita mtu, yeyote yule, hata mgeni wa kiti cha nyuma, kabla dakika moja haijapita. Mimi nilimpa neno la kufunga mlango.

Aliyetutoa hapo ni nkambo. (Kwetu nkambo ni nyanya, asichanganywe na mama wa kambo.) Nkambo alizaliwa kwenye kambi ya Union Minière, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, na alilea watoto saba bila po. Alikuja siku ya tano. Aliweka mkeka uani, akakaa, akanyosha miguu mbele, akamkalisha mtoto juu ya miguu yake, mgongo wa mtoto ukiwa upande wake, suruali imeshushwa. Mtoto alikuwa mkubwa mno kwa mkao huo, visigino vyake viligusa vumbi, na dada akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Nkambo hakucheka. Akaanza: "Shuuu. Shuuu." Hakusema neno hata moja. Mara ya kwanza walikaa karibu nusu saa bure, wakainuka, akampa papai. Jioni tena, bure. Asubuhi iliyofuata mkojo ukatoka kwa mstari mrefu hadi kwenye mizizi ya mwembe, na mtoto akauangalia kama mtu anayeona treni. Kile kingine kilitoka siku mbili baadaye, kwa machozi, nkambo akimshika vilevile.

Baadaye, chuoni, nilikuta kwamba mkao ule umeandikwa. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics makala kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama wa Kidigo huanza mtoto akiwa na wiki chache tu: anakaa chini miguu imenyooka, mtoto katikati ya miguu akitazama mbele, anatoa sauti ile. Mtoto akifika miezi 5 au 6 huwa haloweshi ovyo mchana wala usiku. Miaka 15 kabla yake, katika jarida hilohilo, daktari Mmarekani T. Berry Brazelton alikuwa ameeleza habari za watoto 1,170 ambao wazazi wao walishauriwa wasubiri hadi karibu miezi 18, mtoto awe tayari mwenyewe, na ambao kwa wastani waliacha nepi za mchana wakiwa na zaidi ya miaka miwili. Sina nia ya kuamua nani ana haki. Muuguzi wetu alisema kama Brazelton na nkambo alifanya kama Wadigo, na mtoto alihitaji wote wawili. Kilichonivuta ni ile sauti. Ni ishara kamili, yenye umbo na maana, na mtoto huipata kabla ya mama na baba. Mimi sikuiona kwa sababu haimo kwenye kamusi.

Nkambo mwenyewe nilipomwuliza kwa nini ni shuu na si sauti nyingine, alinitazama kwa huruma. "Si njo vile maji inasemaka," akasema.

Jumapili ya mwisho kabla sijarudi Lubumbashi tulikwenda kanisani sote. Benchi lilijaa, mtoto akiwa kati yangu na mama tusiyemjua. Katikati ya mahubiri alivuta, si mkono wangu, bali wa yule mama aliyekuwa karibu zaidi. "Shuu," akamwambia. Mama hakugeuka hata kuniuliza. Alikusanya kitenge chake, akasogeza magoti, akamgusa bega aliyefuata, naye akamgusa mwingine, benchi zima likafunguka hadi mwisho, na mzee aliyesimama mlangoni alikuwa ameshanyosha kidole kuelekea nyuma ya jengo. Mtoto akatangulia. Mimi nikafuata na chupa ya maji.